Mafuta Yaliyokula Shaba

Ripoti ya ukaguzi ilikuwa na mistari sita, na uongo ulianzia mstari wa pili.

Inspekta Kanze aliisoma mara ya kwanza akiwa amesimama, mara ya pili akiwa amechuchumaa, na mara ya tatu akiwa amelala chali chini ya trekta lenyewe, katika uwanja wa nyuma wa kituo, gunia limetandikwa chini ya mgongo wake. "Dereva alizembea kujaza mafuta ya breki, na kwa sababu hiyo breki zikashindwa." Sahihi. Muhuri. Tarehe nane Agosti 1994.

Alimulika tochi akatafuta chupa ya mafuta ya breki. Akatafuta mrija wa kuyapitisha. Hakukuwa na chupa wala mrija. Kulikuwa na fito mbili za chuma zilizotoka kwenye pedali zikaenda moja kwa moja hadi magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga, fito inavuta na breki inabana. Ndivyo yalivyoundwa matrekta ya zama zile, na hili lilikuwa la mwaka wa hamsini na saba, limemzidi Kanze mwenyewe umri. Halikuwa na tone la mafuta ya breki tangu lizaliwe.

"Koplo Kadenge!"

Koplo alikuja mbio, kofia mkononi.

"Mkaguzi aliyeandika haya alifika hapa?"

"Alifika, afande. Mpaka getini."

"Akaingia chini ya trekta?"

"Hakushuka garini, afande. Alisema matrekta ayajua."

Kanze alitoka chini, vumbi mgongoni, akiyameza maneno yaliyomjia mdomoni, maana hayakuwa ya kusemwa na afisa wa serikali. Mtu amekufa. Mwingine amelala seli usiku wa tatu. Na yule anayelipwa mshahara kukagua hakuona haja ya kukanyaga mchanga!

Jumamosi asubuhi, trekta hilo lilikuwa likivuta trela la saruji kwenye mteremko wa kushukia Bandari ya Kale. Lilimshinda dereva, likamkandamiza hamali mmoja, Athmani, aliyeandikwa kuwa mpita njia, kwenye ukuta wa ghala. Mwenye trekta na ghala alikuwa Bwana Faraj. Dereva alikuwa Ngowa, mwenye wiki tano tu kazini, na alitiwa pingu saa ile ile. Leo Jumanne, saa nane mchana, angesomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Faili lilimfikia Kanze asubuhi hiyo, likiwa limeshafungwa kamba, la kutiwa sahihi tu. Saa yake ilionyesha saa mbili na dakika kumi.

Ndani ya faili mlikuwa na taarifa nyingine, ya fundi wa Bwana Faraj, aitwaye Kingi. Fundi hakutaja mafuta ya breki hata kidogo. Alisema Ngowa alibadilisha mafuta ya giya bila ruhusa, akatia mepesi, yakavuja hadi kwenye breki. Waongo wawili, Kanze aliwaza, na hawakupata hata nafasi ya kukaa pamoja wapatane.

* * *

Ngowa aliletwa bila mkanda wala viatu. Alikuwa kijana mrefu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulibadilisha mafuta ya giya?"

"Nilibadilisha, afande. Yapata wiki tatu sasa."

Koplo Kadenge aliguna kama mtu aliyesikia kesi imekwisha. Kanze alimtazama mpaka akaacha.

"Kwa nini?"

"Giya ilikuwa yaruka. Naweka ya pili, nikianza kuteremka yatoka yenyewe. Nikafungua kifuniko nikanusa. Yanuka kama yai viza. Marehemu babangu aliendesha trekta kama hili kwenye mkonge miaka ishirini, afande. Yale hayakuwa mafuta yake. Nikenda Bondeni kwa Mama Hussaina, nikanunua yapasayo."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba. Fundi Kingi aliniona, akacheka."

"Jumamosi ilikuwaje?"

"Giya iliruka tena. Nikakanyaga breki hadi chini. Ilikuwa kama kukanyaga uji. Trela likanisukuma. Athmani alikuwa mahali pake, afande, nikampigia kelele, lakini..." Alifunika uso kwa viganja.

Kanze aliandika kila neno isipokuwa yale mawili, "mahali pake", ambayo aliyaona ya huzuni tu. Hilo lilikuwa kosa lake la siku hiyo, na baadaye alijilaumu kwalo.

"Yale mafuta uliyoyamwaga yako wapi? Fundi asema aliyaona yakienda mtaroni."

Ngowa aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Mtaroni? Nani hapa Mombasa amwaga oili chafu mtaroni, na mchwa walivyo wengi kwenye nguzo za watu? Athmani aliyatia kwenye debe. Kuna mama yuko Marikiti, auza muhogo, alikuwa akimpelekea."

* * *

Duka la Hussaina lilikuwa kwenye kona nyembamba ya Bondeni, makopo yamepangwa hadi darini, na mwenyewe ameketi nyuma ya meza ndani ya rida yake ya kijani, lile vazi la wanawake wa Kibohora, miwani kwenye ncha ya pua. Alikuwa akiuza mafuta ya mashine tangu enzi za marehemu babake.

"Salaam alaykum, mama."

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Karibu, keti. Waja kwa kheri?"

"Si kheri sana. Kuna dereva aitwaye Ngowa."

"Ngowa simsahau. Alisimama hapo hapo, akataja trekta na mwaka wake, akataja na mafuta. Watu wangapi waja dukani wakijua wanalolitaka? Nikampa mepesi."

"Fundi Kingi asema hayo mepesi ndiyo yaliyoua mtu."

Hussaina alivua miwani. "Kingi asema hivyo? Kingi?" Aliinuka akashusha makopo mawili, akachovya kijiti katika kila moja, akaviinua juu ya karatasi. Mafuta ya kijiti cha kwanza yalidondoka upesi. Ya cha pili yaliteremka polepole kama asali, yakatoa harufu ya kiberiti.

"Trekta la kale, mafuta ni mamoja. Hayo hayo yalainisha giya, hayo hayo yenda kwenye difu, kule kwenye ekseli ya nyuma, hayo hayo yainua ile mikono ya kubebea jembe. Yataka mepesi, yapite kote. Haya mazito ni ya difu ya lori. Yana dawa kali ndani. Kwenye chuma, mazuri mno. Kwenye shaba, sumu. Yakipata moto yaila kidogo kidogo."

"Na trekta lile lina shaba ndani?"

"Bushi zake zote, zile pete zishikazo giya, ni shaba, mwanangu. Zikiliwa, giya yalegea, yaruka."

"Lakini Ngowa alipotia mafuta yanayofaa, giya iliendelea kuruka."

"Dawa haioteshi jino lililong'oka."

Kanze aliandika. "Haya mazito aliyanunua nani?"

"Kingi. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani. Sili ya ekseli, ule mpira uzuiao mafuta, imechakaa, yavuja. Nikamwambia badilisha sili. Asema bwana hataki trekta lisimame hata siku moja, apewe mazito yasivuje upesi. Mafundi wetu wana maradhi haya. Sufuria ikitoboka hawazibi tundu, watia unga mchuzi uwe mzito! Nikamwambia, Kingi, utaua trekta hilo. Sikujua ataua mtu."

"Utayasema haya mahakamani?"

"Nitayasema. Na yeye atasema mwanamke mzee huyu amesahau. Tafuta kitu cha kushika mkononi, mwanangu." Alifungua saraka akatoa sumaku ya mviringo, ya spika ya redio kuukuu. "Nenda na hii. Chuma chafuata sumaku. Shaba haifuati."

* * *

Nyevu, muuza muhogo wa Marikiti, alipoona sare alianza kujitetea kabla hajashtakiwa.

"Oili chafu si wizi! Nilipewa. Banda lote lingeliwa na mchwa, nikae wapi mimi?"

"Mama, sikuja kukushika. Nataka kuyaona tu. Alikupa Athmani?"

Jina hilo lilimtoa ukali. Nguzo nne za banda lake zilikuwa nyeusi tangu chini hadi kiunoni, na ukisogea karibu harufu ya yai viza ilikushika puani. Alivuta debe kutoka chini ya meza. Lilikuwa limebaki robo.

"Lini alikuletea?"

"Jumapili ile mvua ilipokatika. Wiki tatu zilizopita. Nilipaka siku ile ile, muulize jirani yangu hapa."

Kanze alitandaza kitambaa cheupe juu ya mdomo wa bakuli, akamimina taratibu. Mafuta yalipita kwa shida. Juu ya kitambaa zikabaki chembe ndogo zinazometameta, za rangi ya dhahabu. Wapagazi wawili walisimama na mikokoteni yao kutazama. Aliisogeza sumaku. Vinyuzi vichache vyeusi viliruka vikanasa. Zile chembe za dhahabu hazikutikisika. Aliisogeza tena, karibu zaidi. Hazikutikisika.

Basi shaba ilikuwa imeliwa siku nyingi kabla Ngowa hajafungua kifuniko. Haiwezekani chembe nyingi hivyo kutoka kwa wiki mbili za dereva mgeni. Alilifunga debe kwa nailoni na kamba, akaandika tarehe na saa, Nyevu akatia kidole gumba, na jirani yake akatia sahihi. Kitambaa kikaingia katika bahasha yake peke yake.

Alikuwa ameshainuka aliposikia Nyevu akisema, kama anayejisemea mwenyewe, "Aliniambia trekta lile litamuua."

"Nani? Athmani? Alijuaje?"

Nyevu alimshangaa. "Kwani hujui kazi aliyokuwa akifanya?"

"Hamali. Alikuwa akipita njia."

"Akipita njia! Ni nani aliyekwambia akipita njia? Athmani ndiye mwenye kabari. Trekta likiteremka, yeye yuwenda kando ya gurudumu la nyuma na pande la mti mkononi. Likianza kukimbia, hulisukumia chini ya gurudumu. Breki ilikuwa yeye, mamangu. Tangu mwaka jana. Bwana Faraj alimtoa kwenye magunia akamwambia, nakupa kazi nyepesi."

Kanze alisimama pale, katikati ya makelele ya soko, akiyasikia tena yale maneno mawili aliyoyaacha bila kuyaandika. Mahali pake. Mkaguzi ameandika "mpita njia", fundi naye hakusema vingine, na yeye mwenyewe, anayejiona mpelelezi, ameyapita kama viatu mlangoni. Alipandwa na hasira. Mtu huwekwa kando ya gurudumu mwaka mzima na nusu kwa sababu sili moja ya mpira haikubadilishwa, halafu akifa huambiwa alikuwa akipita tu!

Lakini hasira si ushahidi. Maneno ya Nyevu aliyasikia kwa marehemu, na marehemu haitwi kizimbani. Ili shtaka lihame kutoka kwa Ngowa, mwenye trekta lazima aseme kwa kinywa chake kwamba alijua.

* * *

Saa tano na nusu Kingi alikuwa uwanjani mwa kituo, kifurushi cha spana begani, akilalamika kwamba ameshatoa taarifa.

"Umetoa," Kanze alisema. "Sasa nataka unifungulie breki. Wewe ndiye fundi unayelijua."

"Inspekta, hiyo ni kazi ya nusu siku."

"Koplo ataleta jeki na chai."

Ilichukua saa moja na dakika kumi. Dramu ya gurudumu la kulia ilipotoka, Kanze hakumwachia mtu aguse. Alichuchumaa na kisu kidogo. Vile vipande vinavyobana dramu vilikuwa vimelowa, vyeusi, na juu yake kuna utando mgumu uliopikwa na moto. Alikwangua. Chini ya utando kuna utando mwingine, na chini yake mwingine.

"Nusa, fundi."

Kingi alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Kiberiti," Kanze alisema. "Mafuta ya Ngowa hayana kiberiti, nimetoka kuyanusa dukani. Na mafuta ya wiki tatu hayapikiki tabaka tatu. Haya yamevujia breki tangu lini?"

"Mimi sijui."

"Uliandika kwamba mafuta mepesi ndiyo yaliyolowesha breki. Nionyeshe mepesi yako wapi."

Kingi alitazama dramu, akatazama lango. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Mama Hussaina anakumbuka kopo ulilonunua," Kanze aliendelea. "Na mafuta uliyosema yamekwenda mtaroni ninayo ofisini, ndani ya debe. Kijana wa watu unampeleka jela kwa sababu amefanya kazi uliyotakiwa kuifanya wewe. Huoni haya?"

"Nilimwambia!" Kingi alipaza sauti. "Wallahi nilimwambia bwana, tubadilishe sili, siku mbili tu. Akasema trekta likilala siku mbili mzigo utachukuliwa na wengine. Akasema tia mazito, na huko mteremkoni atanipa mtu. Na Jumamosi jioni alinijia nyumbani akanambia, sema ni dereva. Nina watoto watano, Inspekta. Ningefanyaje?"

"Athmani naye alikuwa na watatu. Koplo, leta karatasi."

Kingi aliandika ukurasa mmoja na nusu, akatia sahihi. Kanze aliusoma akaona palipobaki tundu. Bwana Faraj angesema fundi anajitetea, na wakili wake angelirudia hilo mpaka hakimu alale. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

* * *

Hakuhitaji kumtafuta. Saa saba na robo Bwana Faraj aliingia mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kiua kichwani, na uso wa mtu aliyekosewa.

"Inspekta, leo siku ya tatu. Trekta langu limezuiwa kwa kosa gani? Kesi ni ya dereva, trekta halikutenda dhambi. Kuna meli ya Lamu yangoja saruji."

"Keti, Bwana Faraj. Ni kweli, pengine tumechelewa." Kanze alivuta karatasi safi, akaanza kuandika. Sauti yake ilikuwa laini, na ilimgharimu. "Nikikuachia leo litafanya kazi leo?"

"Leo hii."

"Sina raha nalo tu. Fundi wako ameifungua breki moja, haifai kitu."

"Ah, breki!" Faraj alipunga mkono. "Breki za trekta lile ni hivyo hivyo tangu mwaka jana. Si hoja. Mteremko wenyewe ni mmoja, na pale huweka mtu na kabari."

"Mtu na kabari. Kama Athmani?"

"Kama Athmani, Mungu amrehemu. Alikuwa hodari, lakini siku ile alichelewa kuisukuma. Wasiwasi usiwe nao, Inspekta, nishapata mwingine. Nimekuja naye, yuko nje getini."

Kalamu ya Kanze ilisimama, kisha ikaendelea hadi mwisho wa mstari. Kadenge, aliyekuwa mlangoni, alikuwa amefungua kinywa.

"Jina lake nani, huyo mpya?"

"Jina?" Faraj alicheka kidogo, kwa mshangao wa kweli. "Hamali tu. Nimemtoa Feri asubuhi hii. Muulizeni mwenyewe."

Kanze aligeuza karatasi na kuisukuma mbele yake. "Hapa nimeandika uliyoyasema, neno kwa neno, mbele ya Koplo. Soma, kisha tia sahihi."

"Ndipo nichukue trekta?"

"Soma kwanza, Bwana Faraj."

Hakusoma. Alitia sahihi kwa madaha, sahihi ndefu ya mtu aliyezoea kutia sahihi mizigo, akasimama kuulizia funguo. Kanze naye alisimama. Alimwambia kwamba yuko chini ya ulinzi kwa kifo cha Athmani na kwa kumshawishi shahidi aseme uongo, na alipomaliza ilibidi arudie, kwa kuwa Bwana Faraj alikuwa bado amenyoosha mkono akingoja funguo.

Alipopiga simu kwa mwendesha mashtaka ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini na tano. Alisoma taarifa tatu mfululizo, akataja debe, kitambaa na dramu. Upande wa pili wakasema shtaka la Ngowa halitasomwa. Alitaja pia ripoti ya mkaguzi, akasema ataipeleka mwenyewe kwa wakubwa wake, na safari hii atahakikisha wameshuka garini. Kadenge alikwenda kufungua seli. Ngowa alitoka na viatu mkononi, akaketi kwenye benchi la mapokezi, akaanza kufunga kamba.

Kanze alitoka hadi getini. Mtu alikuwa amesimama juani, wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote, na pande la mti jipya amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Alipomwona alijiweka sawa.

"Waitwa nani?"

"Kazungu, afande."

"Kazungu, nenda zako nyumbani. Kazi hiyo haipo tena."

Kazungu alitazama mlango wa kituo ambamo tajiri wake alikuwa ameingia, akalitazama lile pande la mti, akarudi kumtazama Inspekta. Alikuwa amekaa Feri miezi miwili akingoja kuchaguliwa kwa kibarua.

"Nimekosa nini, afande?"